Nabwana wa Wakaliga: Sinema Iliyozaliwa kwa Kusimuliwa

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha Fasihi Simulizi, mwanafunzi aliuliza swali lililolifanya darasa licheke kwanza, kisha likanyamaza. Aliuliza: "Mwalimu, VJ naye ni fanani?" Kwa msomaji asiyeishi Kampala, VJ ni yule mtu anayekaa na kipaza sauti na kuisimulia filamu ya kigeni kwa Kiganda huku watazamaji wakiitazama. Jibu lililotolewa siku hiyo lilikuwa fupi: fanani hutunga, VJ hufasiri kazi ya mwingine, kwa hiyo VJ si fanani. Wanafunzi waliliandika katika madaftari yao na kipindi kikaendelea.

Jibu hilo halikuwa sahihi, au tuseme halikutosha. Makala haya yanakusudia kulirekebisha kwa kupitia historia ya mtu mmoja wa hapa hapa Kampala, Isaac Godfrey Geoffrey Nabwana, anayejulikana zaidi kama Nabwana I.G.G., mwandishi, mwongozaji na mtayarishaji wa filamu za gharama ndogo katika mtaa wa Wakaliga. Wengi wamemwandika kama kioja: mtu aliyetengeneza filamu ya vita kwa fedha ambazo hazitoshi kununua simu nzuri. Sisi walimu na wanafunzi wa lugha tuna sababu nyingine ya kumtazama. Historia yake, tangu utotoni hadi umaarufu, ni historia ya usimulizi.

Sinema na sauti ya msimulizi

Kabla ya kufika Wakaliga, yafaa tukumbuke kwamba sinema katika Afrika Mashariki imekuwa na msimulizi tangu zamani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, waliendesha mradi wa filamu za elimu wakiwa na makao yao Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Walitengeneza filamu fupi zipatazo 35 kuhusu minyoo, kodi, kilimo, benki ya posta na mambo kama hayo, na kuzionyesha katika nchi kadhaa, Uganda ikiwemo. Filamu hizo hazikuwa na sauti ndani yake. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri katika lugha mbalimbali za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo, yakapigwa sambamba na picha. Picha ilikuwa moja; lugha zilibadilika kulingana na mahali.

Katika mji wa Kampala, sinema ya kibiashara ilikuwa ya majumba makubwa kama Odeon, Delite na Norman. Biashara hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa Waasia, na kufukuzwa kwao mwaka 1972 kuliitikisa sana. Jumba la Norman hatimaye liligeuka kanisa, nalo ndilo linaloitwa Watoto leo. Baadaye zilipoingia kanda za video, sinema ilihama kutoka majumba hayo hadi vibanda vya mbao na mabati vilivyotapakaa mitaani. Waganda huviita ebibanda, na umoja wake ni ekibanda. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji kamusi kulitambua neno hilo.

Ni katika ebibanda ndipo kazi ya VJ ilipokomaa. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, Kihindi au Kichina, na watazamaji wengi hawakuzielewa lugha hizo vizuri. Mtu mwenye ulimi mwepesi akapewa kipaza sauti. Majina kama VJ Jingo na VJ Junior yakawa maarufu kuliko ya waigizaji wengi wa Hollywood. Jambo hili halikuwa la Uganda pekee. Dar es Salaam ilikuwa na Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Na nchini Kenya DJ Afro amejipatia wasikilizaji wengi kwa kazi ya aina hiyo hiyo. Hapa Wakaliga husema kwamba herufi ya pili katika VJ inasimamia mchekeshaji. Kama tutakavyoona, tafsiri hiyo ya jina ina uzito wake.

Mtoto aliyezisikia filamu

Nabwana alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kukulia Wakaliga, katika eneo la Lubaga. Alipokuwa mdogo hakuwa akienda sinema. Waliokwenda ni kaka zake wakubwa. Waliporudi nyumbani walimsimulia walichokiona: nani alipigana na nani, gari liliangukaje, adui alikufa vipi. Nabwana ameeleza mara nyingi katika mahojiano kwamba hivyo ndivyo alivyozifahamu filamu za watu kama Chuck Norris na Bud Spencer kabla ya kuziona kwa macho yake. Alizijua kwa masikio na kuzichora kichwani.

Naomba msomaji atue hapa kidogo. Kaka anayemsimulia mdogo wake filamu haisemi kama ilivyo. Ataruka sehemu zilizomchosha, atarudia pigo lililompendeza, atatoa milio ya bunduki kwa mdomo, atasimama kitini kuonyesha jinsi mtu alivyoruka ukuta. Msikilizaji naye hukatiza na kuuliza maswali. Hayo ndiyo mazingira tunayoyafundisha kila mwaka tunapozungumzia utambaji wa ngano: fanani, hadhira, ishara za mwili, ubunifu wa papo kwa papo. Mtu anayetajwa kuwa mwasisi wa filamu za mapigano nchini Uganda alipata darasa lake la kwanza la sinema mbele ya mtambaji.

Hili linaeleza kwa nini filamu zake zina mwendo wa kipekee. Anayezitazama kwa jicho la shule za filamu huona matukio yanayorukiana, mapigano yanayozaana bila kupumzika na wahusika wanaotokea ghafla. Anayezisikiliza kama ngano hatashangaa sana.

Matofali, kompyuta na jina la mabibi wawili

Kazi iliyomlisha Nabwana katika ujana wake ni kufyatua matofali. Kwa akiba aliyoipata alijisomesha kwa muda mfupi kozi ya ufundi wa kompyuta. Fedha hazikutosha kuendelea, hivyo mengine alijifundisha mwenyewe, ikiwa ni pamoja na kuunganisha kompyuta kutokana na vipuri chakavu na kuhariri picha za video.

Mwaka 2005 alianzisha kampuni yake na kuiita Ramon, jina alilolitunga kwa kuunganisha majina ya mabibi zake wawili, Rachael na Monica. Mwaka huo huo Ashraf Ssemwogerere alitoa filamu ya Feelings Struggle, ambayo wengi huitaja kuwa mwanzo wa filamu za Kinna-Uganda. Kwa hiyo Nabwana hakuwa peke yake. Tofauti ni kwamba wenzake wengi walifuata hadithi za mapenzi na migogoro ya familia zinazofanana na zile za Nigeria, ambazo zilihitaji sebule, makochi na machozi. Yeye alitaka vita, helikopta na majengo yanayolipuka.

Alivipataje? Kwa mikono ya watu wa mtaa. Dauda Bisaso, fundi wa vyuma, aliunda bunduki kubwa na hata umbo la helikopta kutokana na vyuma chakavu. Jeki ya gari ilitumika kushikilia kamera. Kitambaa cha kijani kilitundikwa ukutani ili mwigizaji aweze kuonekana mahali ambapo hakuwahi kufika. Damu ilikuwa ya ng'ombe mwanzoni; ilipodhihirika kuwa inahatarisha afya ya waigizaji, ikabadilishwa kwa rangi ya chakula, ikatiwa ndani ya kondomu na kupasuliwa wakati wa kupigwa risasi. Mkewe, Harriet, alishiriki katika uendeshaji wa kazi yote. Waigizaji hawakulipwa mshahara. Filamu ilipokamilika waliichukua kwenye DVD, wakazunguka nyumba kwa nyumba kuiuza na kugawana mapato. Ilibidi waharakishe, kwa sababu wezi wa kazi za sanaa nao hawakulala.

Kwa njia hiyo Wakaliga ikapata jina jipya, Wakaliwood. Nabwana anahesabiwa kuwa ametengeneza filamu zaidi ya 40.

Nani aliyemuua Kapteni Alex?

Filamu iliyomtoa Wakaliga na kumpeleka ulimwenguni ni Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010. Gharama yake imetajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Hadithi yenyewe ni nyepesi kueleza. Kapteni Alex, shujaa wa jeshi, anatumwa kupambana na genge la Tiger Mafia linaloongozwa na Richard. Alex anauawa. Ndugu yake, Bruce U, bingwa wa kung fu, anakuja kumtafuta muuaji. Watu wanapigana, helikopta inashambulia Kampala, na filamu inafikia mwisho bila jibu la swali lililoko kwenye jina lake.

Kionjo chake kiliwekwa kwenye mtandao wa YouTube mwezi Januari 2010 na kikasambaa kwa kasi. Filamu nzima iliwekwa huko mwaka 2015, na imetazamwa mara mamilioni. Lakini yule anayeitazama hakutani na Nabwana peke yake. Tangu mwanzo hadi mwisho anamsikia VJ Emmie. Anasifu, anatania, anamkejeli mwigizaji, anaionya hadhira kuwa jambo kubwa linakuja, anashangilia kama mtu aliyelipa kiingilio.

Sasa turudi kwenye jibu lililotolewa darasani. Tulisema VJ hufasiri. Katika toleo hili, mazungumzo ya wahusika yamefasiriwa kwa maandishi chini ya picha. Kazi ya kufasiri imekwisha kufanywa, na VJ bado anazungumza! Kama kazi yake ingekuwa kufasiri tu, angekuwa hana la kusema. Anachokifanya ni kile afanyacho fanani: anajenga uhusiano kati ya hadithi na hadhira, anachagua pa kutilia mkazo, anatunga vichekesho ambavyo havimo katika maneno ya wahusika. Isitoshe, mtunzi wa filamu ndiye aliyemkaribisha. VJ anaposimulia filamu ya Hollywood, mwenye kazi hakuulizwa. Nabwana kwa hiari yake alimpa VJ nafasi ndani ya kazi yake, kama mtunzi anayejua kwamba hadithi bila sauti ya msimulizi haijakamilika.

Liko jambo jingine, nalo ni la kusikitisha. Kompyuta ya Nabwana haikuwa na nafasi ya kuhifadhi miradi mingi. Ili kazi iliyofuata ipate pa kukaa, faili za awali za Kapteni Alex zilifutwa. Toleo lililosalia na kuenea duniani ni lile lenye sauti ya VJ Emmie. Filamu iliyotungwa na mtu aliyezifahamu filamu kwa kusimuliwa imetufikia kwa sauti ya msimulizi.

Mfano kutoka Marekani

Ili tusidhani kwamba haya ni maajabu ya Wakaliga tu, tumtazame Oscar Micheaux, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1884 katika jimbo la Illinois. Kama Nabwana, alianza mbali na sinema. Alikuwa mkulima katika jimbo la South Dakota, akaandika vitabu kuhusu maisha yake na kuviuza mwenyewe mlango kwa mlango. Mwaka 1919 alikigeuza kitabu chake, The Homesteader, kuwa filamu, kwa fedha alizokusanya kwa kuuza hisa ndogo ndogo. Hadi alipofariki mwaka 1951 alikuwa ametengeneza filamu zaidi ya 40, akiziandika, akiziongoza na kuzisambaza, katika nchi ambayo majumba mengi ya sinema yaliwatenga watu wa rangi yake.

Filamu hiyo ya kwanza imepotea. Nyingine, Within Our Gates ya mwaka 1920, nayo ilidhaniwa kupotea kwa miongo mingi, mpaka nakala moja ilipopatikana Hispania ikiwa na jina la La Negra. Kwa kuwa ilikuwa filamu isiyo na sauti, maneno yake yalikuwa yameandikwa kwenye vibao kati ya picha, na takriban yote yalikuwa yamefasiriwa kwa Kihispania. Wataalamu wa Maktaba ya Bunge la Marekani walilazimika kuyarudisha kwenye Kiingereza, wakaitoa upya mwaka 1993.

Micheaux na Nabwana wametenganishwa na takriban miaka 90 na bahari nzima. Hata hivyo yaliyowapata yanafanana: mtunzi maskini hana ghala la kuhifadhi kazi yake, na inapopotea, huokolewa na mtu aliyeibeba kwa lugha nyingine au kwa sauti nyingine. Katika kozi zetu za tafsiri tumezoea kuuliza mfasiri amepoteza nini. Mifano hii miwili inatulazimisha tuulize pia ameokoa nini.

Dunia yafika Wakaliga

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, hivyo tutayapitia kwa ufupi. Mwishoni mwa mwaka 2011 Alan Hofmanis, mtu wa matamasha ya filamu kutoka New York, alikiona kionjo cha Kapteni Alex na baada ya muda mfupi akasafiri hadi Kampala kumtafuta mtengenezaji. Alirudi, akaishi Wakaliga na kuwa mshirika wa Nabwana. Katika Bad Black ya mwaka 2016 aliigiza kama daktari mgeni anayefunzwa ukomando na mtoto mdogo aitwaye Wesley Snipes. Filamu hiyo ilionyeshwa katika tamasha la Fantastic Fest huko Texas. Mwaka 2019 Crazy World, iliyotengenezwa miaka kadhaa kabla kwa kuwashirikisha watoto wa Waka Starz, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto. Mwaka 2021 ikatoka filamu ya kumbukumbu kuhusu Wakaliga, Once Upon a Time in Uganda, na mwaka 2022 kundi hilo lilishiriki maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta mjini Kassel, Ujerumani.

Hatuna budi kujiuliza: Texas, Toronto na Kassel zimeiona kazi hii. Je, ni idara ngapi za lugha katika vyuo vyetu zimeijadili?

Kiswahili kinaingia wapi?

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba filamu za Wakaliga ni za Kiganda na Kiingereza, hivyo hazituhusu. Tunaona zinatuhusu kwa namna mbili.

Kwanza, ni hazina ya kufundishia mwingiliano wa lugha. Kiswahili nchini Uganda kimepita katika njia yenye miiba. Kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 chini ya Idi Amin, na kwa watu wengi wa kusini mwa nchi kikabaki na harufu ya askari na kituo cha ukaguzi barabarani. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 kikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Wakati sera zikipanda na kushuka, maneno yalihama bila kuomba ruhusa. Mganda humwita askari omuserikale, yaani mtu wa serikali. Huangalia filamu katika ekibanda. Akitoka na njaa hununua kikomando, chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage, chakula ambacho wengi hueleza kuwa jina lake linatokana na makomando wa kwenye filamu. Mwanafunzi anayeogopa Kiswahili kwa kudhani ni kigeni anaweza kuanzia hapo.

Pili, Lufufu na DJ Afro wametuonyesha kwamba usimulizi wa aina hii unafanyika kwa Kiswahili na una hadhira kubwa. Ni darasa la lahaja, misimu, tanakali za sauti na ucheshi, na mifano yake haimo vitabuni.

Hitimisho

Tunarudi kwa mwanafunzi wetu. Ndiyo, VJ ni fanani. Anayo hadhira, anayo mbinu, anatunga papo hapo, na kazi yake hubadilika kila anapoitoa. Tuliofundisha vinginevyo tulikosea kwa sababu tulimtafuta fanani kando ya moto wa jioni kijijini, hali yeye alikuwa amekwisha kuhamia mjini na kushika kipaza sauti.

Kosa hilo lina gharama. Ngano za mabibi zetu zilipoanza kusahaulika, walikuwepo watafiti waliozirekodi. Kazi za VJ zimo kwenye DVD zinazokwaruzika, na katika kompyuta ambazo wenyewe hufuta cha jana ili kupata nafasi ya cha kesho. Kapteni Alex alifutwa na mwenyewe aliyemtunga, kwa kukosa nafasi tu. Kwa kila filamu iliyookoka namna ile, nyingine nyingi zimekwenda bila mtu wa kuzililia.

Pendekezo letu ni dogo na halihitaji bajeti. Kila mwanafunzi wa Fasihi Simulizi achague msimulizi mmoja wa filamu, wa Kiganda au wa Kiswahili, apate idhini yake, arekodi dakika 10 za kazi yake, aziandike neno kwa neno na kuzifafanua. Nakala ibaki idarani. Baada ya miaka michache tutakuwa na mkusanyo ambao hakuna maktaba nyingine inao. Nabwana alianza na matofali. Sisi tunayo kalamu, simu zenye kurekodi, na darasa lililojaa watu wanaojua kibanda kilipo.